Kaboksi ka Behringer UCA202 na redio ya mzee: miezi minane nikisikiza muziki wa kompyuta

Kitu cha kwanza nilisikia siku ile niliunganisha haka kaboksi ni gitaa ya pili. Mtu amekua na benga anajua kuna ile solo inakimbia juu, kuna besi inajibizana na mwimbaji, alafu katikati kuna gitaa ingine inashikilia tu, haijitokezi, lakini ukiitoa wimbo unaanguka. Mi hiyo ya katikati nilikua nimeisahau kabisa. Kwa laptopu inazikwa, kwa simu inazikwa, kwa wufa ya jirani ndio usiseme. Siku hiyo nikaisikia imekaa upande wa kushoto, wazi, kila mpigo, nikabaki nimesimama na waya mkononi mpaka wimbo ukaisha, nikaurudisha tena mwanzo.

Kaboksi kenyewe ni Behringer UCA202, kanachomekwa kwa USB ya kompyuta ndio sauti itokee hapo badala ya kwa laptopu. Nimekatumia miezi minane sasa karibu kila siku na nimeona niandike yote manake kila mtu akija kwangu Umoja anauliza hii sauti inatoka wapi, nikimwonyesha laptopu ya kawaida na kakitu ka rangi ya fedha kanatoshea kiganjani haamini. Na kuna watu wengi sana Nairobi hii wako na redio za wazazi wao zimekaa tu chini ya kitambaa cha kufuma, alafu wanaenda kununua wufa ya elfu nane yenye mataa, na ile kitu iko nyumbani ikipata muziki safi inaishinda mbali. Hiyo inaniuma kusema ukweli.

Yangu ilikua ya baba. Alinunua miaka ya 1980 akifanya kazi Industrial Area, amplifaya ya Kijapani, deki ya kaseti, na spika mbili za mbao ambazo mtu mmoja hawezi beba zote. Ilikaa sebuleni kwetu Jericho na hakuna mtoto aliruhusiwa kuigusa, ata kupanguza vumbi alipanguza mwenyewe Jumapili kabla ya taarifa. Sasa mwaka jana akanipigia simu akasema kuna mtu wa vyuma amepita, anataka amplifaya kwa mia tano. Nikamwambia baba tafadhali usimpe mtu, Jumamosi nakuja na Probox. Nikaja.

Kabla sijaendelea, kama yako si ya nyumbani ila ni ex-Japan ya kununua, angalia nyuma kwanza kabla ya kuchomeka. Japani wanatumia volti 100, sisi 240. Zingine ziko na kaswichi nyuma ka kuchagua volti, zingine hazina, na hizo zinahitaji transfoma ya kushusha. Ukichomeka tu moja kwa moja kwa ukuta umeichoma, na fundi akikwambia itarudi vile ilikua jua unalipa mara mbili.

Basi nikaanza vile kila mtu anaanza, ile waya ya upande mmoja pini ya hedifoni na upande ule mwingine vichwa viwili, nyekundu na nyeupe. Nyekundu ni kulia, nyeupe kushoto. Nilinunua ya kwanza shilingi 150 kwa duka moja town, nikafika nyumbani spika ya kushoto haitoi kitu. Nikarudi nayo kesho yake nikaonyeshwa ile karatasi imebandikwa ukutani, bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Nikanunua ingine kwingine ya 600, nene, vichwa vya chuma, na hiyo ndio natumia ata leo. Waya si lazima iwe ya pesa nyingi, lakini ile ya 150 ndani imechomelewa uzi mmoja tu, ukiikunja mara tatu imekatika.

Nyuma ya amplifaya kuna matundu mengi na majina yake, PHONO, TUNER, AUX, TAPE. Mi nilichomeka ile ya kwanza niliona, PHONO, na sauti ikatoka imepasuka, besi inanguruma kama lori, nikafikiri spika zimeoza. Hazikua zimeoza. PHONO ni ya santuri. Sindano ya santuri inatoa umeme kidogo sana kwa hivyo hapo ndani kuna kifaa kinaikuza karibu mara 100 kabla ya kitu kingine chochote, na pia kinaongeza besi makusudi manake santuri huchongwa na besi imepunguzwa ndio mifereji isiwe mipana. Ukiingiza kompyuta hapo unaikuza kitu chenye kiko na nguvu tayari. Kwa hivyo AUX, au TAPE ile ya kuingiza, au CD kama iko. Zote hizo tatu ni sawa, usisumbuke ni gani bora.

Nikahamisha AUX. Muziki ukatoka sawa, lakini nyuma yake kuna shhhh, na nikisogeza mausi nasikia kama mdudu anakwaruza karatasi. Laptopu ikianza kufikiria sana, feni ikipanda, mdudu naye anaongezeka. Hapo ndio nilikaa chini nikaanza kusoma.

Iko hivi. Muziki ndani ya kompyuta ni namba tu. Spika haielewi namba, inaelewa umeme unaopanda na kushuka. Lazima kuwe na mahali namba zinageuzwa kuwa umeme, na hapo ndio panaitwa DAC. Kila kitu kinatoa sauti ya dijitali kiko nayo, simu, tivi, dekoda. Ya laptopu imebanwa ndani kwa bodi moja na prosesa, Wi-Fi, feni, chaji ya betri, na kila moja ya hizo inatoa kelele yake ya umeme, na ile kelele inaingia kwa muziki kabla haujafika ata kwa tundu. Kwa hedifoni ya kawaida hutajali. Lakini amplifaya kazi yake ni kukuza kile imepewa, ukiipa gitaa na mdudu inakuza wote wawili. Kwa hivyo ile redio ya mzee haikua na makosa yoyote, ilikua inasema ukweli kuhusu laptopu yangu.

Dawa ni kuzitoa namba nje ya laptopu zikiwa bado namba, kwa USB, zigeuzwe huko nje kwa kitu chenye hakina kazi ingine. Hiyo ndio kazi ya haka kaboksi.

Nilikatafuta Luthuli Avenue, ile barabara ya maduka ya vitu vya umeme town. Siku hizi ni rahisi kutembea huko tangu itengenezwe 2019 ikabaki njia moja na watu wakapata pa kupita, lakini usiende kwa maduka ya wufa na tivi, huko ukisema DAC wanakuuliza kama unataka dekoda. Nenda kwa wale wanauza vyombo vya muziki na vitu vya studio, maikrofoni, miksa, kinanda za kanisa. Wao wanakajua vizuri manake makanisa na watu wa kurekodi ndio wanakanunua. Wa kwanza aliniambia 7,500, wa pili 6,000, wa tatu mzee mmoja mpole akaniambia 5,500, nikamwambia mzee wangu nimetoka mbali nipunguzie, tukaachana 5,200 na akakajaribu mbele yangu kwa kompyuta yake kabla nitume M-Pesa. Sisitiza hiyo ya kujaribu. Mwambie achomeke hedifoni kando, kuna tundu yake, usikize pande zote mbili.

Nyumbani hakuna kitu ya kuweka, hakuna programu ya kupakua. Unachomeka USB, Windows inakaona, jina linakuja USB Audio CODEC na sio Behringer, kwa hivyo usitafute Behringer kwa orodha ukafikiri umeuziwa feki. Nimekajaribu pia kwa Linux ya rafiki yangu, kakakubali papo hapo. Umeme kanakula kwa USB yenyewe, hakana chaja. Waya mbili za RCA, zile za vichwa vya nyekundu na nyeupe, kutoka kaboksi hadi AUX, basi.

Na mdudu akapotea. Nilifungua sauti ya amplifaya nusu bila muziki wowote, nikaweka sikio kwa spika, kuna kapumzi kadogo sana ka amplifaya yenyewe na hakuna kingine. Nikasogeza mausi, kimya. Nikaweka ule wimbo, na ndio hapo niliipata gitaa ya pili.

Watu watauliza namba. Kanaenda hadi biti 16, yaani ukubwa wa kila namba ya sauti, na kilohezi 48. Kuna wengine wakisikia biti 16 wanakunja uso manake wameona vitu vimeandikwa 24 na 192. CD tangu Sony na Philips waitoe 1982 ni biti 16 na kilohezi 44.1, yaani sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, na hakuna mtu alisikiza CD kwa redio nzuri akasema inakosa kitu. Kwa sebule ya Umoja, na jirani wa juu anasukuma viti na makanga wa matatu anapiga kelele nje, biti 16 hutazimaliza. Mi singelipa mara tatu kwa sababu ya hiyo 24.

Sasa niongee kuhusu mngurumo, manake hapa ndio nilipoteza wiki mbili na karibu nikarudishe kitu chenye hakikua na makosa.

Siku ya tatu betri ikaisha nikachomeka chaja ya laptopu, na papo hapo kukatokea mmmmm ya chini, haikatiki, ata muziki ukisimama iko. Nikitoa chaja, kimya. Nikirudisha, mmmmm. Nikalaumu kaboksi, nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu la USB, bado. Fundi mmoja akaniambia nikate ile pini ya juu ya plagi, ile ndefu. Tafadhali usifanye hivyo, na mwenye anakwambia hivyo usimrudie. Ile pini ni ya ardhi, ndio inakuokoa wewe na watoto siku kitu kimevuja umeme kwa bati, na kelele ya redio haijawahi kuua mtu.

Kile kinatokea ni hiki. Umeme wa ukutani ni mizunguko 50 kwa sekunde. Ukiwa na vifaa viwili vimeunganishwa na waya ya sauti, na kila kimoja kiko na njia yake ingine ya kwenda ardhini, inakua duara, na kaumeme kadogo kanazunguka kwa hiyo duara kakipitia ile ngozi ya nje ya waya yako ya sauti. Amplifaya inakachukua kama muziki. Kwangu amplifaya haina pini ya ardhi, ni ya waya mbili, kwa hivyo nilikua nauliza hiyo njia ingine inatoka wapi? Inatoka kwa dekoda. Nilikua nimeunganisha dekoda kwa amplifaya ndio nisikie mpira vizuri, na dekoda iko na waya inaenda juu kwa dishi, na dishi imefungwa kwa chuma cha nyumba. Nilipotoa ule waya wa dishi mngurumo ukashuka ukabaki kidogo tu. Wiki mbili, na ilikua waya ya dishi!

Kile kilimaliza kabisa ni kuchomeka kila kitu, laptopu, amplifaya, dekoda, kwa ekstensheni moja badala ya soketi mbili za kuta tofauti, na nikiwa nasikiza kwa makini natoa waya ya dishi. Kuna pia tuvifaa twa kukata hiyo duara, unaweka katikati ya waya ya RCA, ndani kuna transfoma mbili ndogo, nilinunua moja ya 800 na ilikata mngurumo kabisa lakini ilikula besi, zile za bei ya chini transfoma zake ni ndogo haziwezi kupitisha sauti nzito. Nikaitoa. Kama amplifaya yako ni mpya kidogo na iko na tundu la optiki, basi wewe umebarikiwa manake haka kaboksi kanatoa pia optiki, ile ya taa nyekundu, na mwanga haubebi umeme kwa hivyo duara haiwezi kupita hapo. Lakini hapo ujue namba zinageuzwa kwa amplifaya, kaboksi kanakua kapitishaji tu.

Mipangilio ya kompyuta nitapita haraka. Kwa Windows nenda kwa mipangilio ya sauti, chagua USB Audio CODEC, zima viboresha sauti vyote, alafu weka biti 16 na 44,100 kama unasikiza muziki zaidi. YouTube na filamu nyingi ni 48,000, lakini ukiacha 44,100 Windows itageuza yenyewe na mi sisikii tofauti. Sauti ya kompyuta peleka juu karibu mwisho, alafu punguza kwa amplifaya. Watu wengi wanafanya kinyume, kompyuta iko 20 na amplifaya imefunguliwa yote, na hapo unakuza kelele bure.

Kitu ingine ndogo lakini inashangaza. Angalia waya za spika zako, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa spika moja inasukuma hewa wakati ile ingine inavuta, na besi inakufa katikati, sauti inakua kama imetoka nyuma ya kichwa. Zangu zilikua zimegeuzwa tangu tuhame Jericho na nilikaa mwezi mzima nikisema besi ya zamani ilikua nyepesi. Na usiziweke juu ya kabati au zote mbili kona moja. Mi nimeziweka kwa stuli mbili za mbao, urefu wa sikio nikiwa nimekaa, na kati yao karibu mita mbili. Hiyo ya stuli haikunigharimu kitu na tofauti yake inakaribia ya kaboksi.

Lakini kile unaingiza kiwe kizuri. Ile flashi unajaziwa nyimbo 500 kwa duka la muvi, miksi za madije zimeshushwa, zikapunguzwa, zikashushwa tena, hiyo kwa redio nzuri ni aibu, unasikia matoazi yanatoa maji. Redio nzuri haina huruma kwa faili mbaya. Spotify iko Kenya tangu Februari 2021, na ukilipia ingia kwa mipangilio uchague ile ya kilobiti 320 kwa sekunde, manake wengi wako kwa ile ya kawaida ya 96 na hawajui. 320 ni kama MB 144 kwa saa, si nyingi kama uko na Wi-Fi ya nyumba. Apple Music nao tangu Juni 2021 wanatoa zile hazijapunguzwa kitu bila kuongeza bei, na hizo ukitaka kuzisikia kweli unahitaji waya, Bluetooth haiwezi kuzibeba nzima. CD zenyewe nazo bado ziko, Kenyatta Market bado kuna wa santuri, na CD za zamani watu wanakupea bure. Ingiza kwa kompyuta kwa faili za aina ya FLAC, haupotezi ata tone moja.

Na kwa nini nisinunue tu ile risiva ya Bluetooth ya elfu moja? Nilikua nayo. Ile njia ya kawaida ya Bluetooth, SBC, inabana muziki tena hadi kama kilobiti 328 kwa sekunde, na faili yako ilikua imebanwa tayari, kwa hivyo unabana kitu kimebanwa. Si mbaya kwa kuosha vyombo. Lakini ukiangalia filamu mdomo unafunga alafu neno linakuja baadaye, na mke wangu alikataa hiyo siku ya kwanza.

Vitu sipendi kwa haka kaboksi ni vichache lakini niviseme. Waya ya USB imetoka ndani moja kwa moja, haichomoki, kwa hivyo ikikatika unahitaji fundi wa kuchomelea, usikaning'inize. Ule mviringo wa sauti ni wa hedifoni peke yake, haugusi zile RCA za nyuma, na hiyo haisemwi vizuri. Na hedifoni zile kubwa ngumu kusukuma hakaziwezi vizuri, kwa hizo tafuta kitu kingine.

Kama pesa ni kidogo kuna njia ingine, ile adapta ndogo ya Apple ya USB-C kwenda tundu la hedifoni. Iko na DAC yake ndani, inatoa hadi volti 1, inaenda biti 24 na kilohezi 48, na kwa laptopu yenye USB-C ni safi sana kwa bei yake. Rafiki yangu wa South B anaitumia kwa redio yake ya ex-UK na tumesikiza usiku mzima tukibadilisha na kaboksi kangu, ya kwake na ya kwangu, na kwa haki siwezi sema kangu kanashinda kwa kusikiza. CD pleya hutoa kama volti 2 kwa hivyo utafungua amplifaya juu kidogo, basi. Ila nunua mahali unaamini, feki zake zimejaa town.

Basi mbona nilikula 5,200? Kwa sababu haka kaboksi kanaingiza pia. Kuna RCA mbili za kutoa na mbili za kuingiza, na hapo ndipo mi nilipata kitu sikukua ata nimekitafuta.

Pamoja na redio baba alinipatia katoni ya kaseti. Nyingi ni muziki, zingine alirekodi kwa redio ya taifa enzi hiyo ikiitwa Sauti ya Kenya kabla iwe KBC 1989, unasikia mtangazaji anakatwa katikati. Nikachukua waya kutoka kwa deki, pale pa kutoa, nikaleta kwa kaboksi pale pa kuingiza, nikafungua Audacity, programu ya kurekodi ambayo ni ya bure, nikabonyeza rekodi. Mambo mawili ya kuangalia hapa. Windows wakati mwingine inafikiri hiyo ni maikrofoni na inarekodi upande mmoja tu, ingia kwa mipangilio ya kurekodi uweke chaneli 2. Na ile swichi ya MONITOR hapo mbele ikiwa ON kile kinaingia kinatoka hapo hapo, ukiwa umepitisha kwa amplifaya kwa mzunguko inaanza kupiga yowe, kwa hivyo iache OFF. Sauti isiguse juu kabisa, acha kilele chake kama desibeli 6 chini ya mwisho, utaongeza baadaye. Kaseti ya dakika 60 inakula kama MB 635 ikiwa haijabanwa. Panguza vichwa vya deki na pamba na spiriti kabla ya kuanza, pamba yangu ilitoka kahawia.

Kaseti ya saba au ya nane ilikua imeandikwa kwa wino wa buluu, Nyumbani Desemba 1986. Nikafikiri ni kwaya. Ilianza na kuku, alafu watu wakiongea wengi, sahani, mtoto analia, alafu mama mmoja mzee kwa sauti ya juu anawafukuza watoto mlangoni. Mi sikumjua. Nyanya alikufa kabla nizaliwe.

Nilisafisha kidogo tu ile shhhh ya kaseti, sikutaka kuguza zaidi, manake ukisafisha sana sauti ya mtu inakua ya robo mtu robo bati. Jumapili iliyofuata baba akaja na mama, wakala, nikamwambia baba kaa hapa katikati ya hizi spika zako. Nikabonyeza. Kuku wakaanza. Yeye alikua anatabasamu akiangalia amplifaya vile taa yake imewaka, alafu yule mama akaongea, na baba akaacha kutabasamu, akaweka kikombe chini polepole.

Akasema, huyo ni mama.

Kuna mahali kwa dakika ya kumi na moja nyanya anamwita kwa jina lake la utotoni, jina ata mimi sikuwahi kulisikia, anamwambia alete maji ya wageni. Baba akaniuliza kama hiyo mashine inaweza kurudi nyuma kidogo. Nikarudisha. Tukarudisha mara nne au tano, sauti imekaa pale katikati ya spika kabisa, kama mtu amesimama mbele ya tivi. Mama akatoka akaenda jikoni. Baba alafu akavuta ile begi yake ya kanisani akaifungua, akatoa kaseti zingine tatu ambazo hakua ameniletea, zimefungwa kwa leso, akaniuliza nitahitaji siku ngapi.